Mradi wa kuku umefungwa, mbwa anabaki na nani?

 

Leo tuwaache kuku, nyanya na mbuzi kidogo. Kuna mnyama ninayemkuta karibu kila shamba ninalotembelea, kuanzia Boko, Bunju na Mbweni mpaka huko ndani Mabwepande na Madale, ila sijawahi kumkuta kwenye daftari la mradi la mtu yeyote. Ni mbwa wa ulinzi. Ukimwomba kijana akuoneshe hesabu zake atakuonesha vifaranga, chakula, maranda, chanjo ya kideri na gumboro, umeme, mshahara wa kijana wa bandani. Mbwa hayumo. Kaletwa na boda akiwa ndani ya kiroba, kapewa jina la Simba, kafungwa mnyororo kwenye mti wa mwarobaini, basi.

Na kwa sababu hakuandikwa wakati mradi unaanza, hakuna anayemkumbuka mradi ukifungwa.

Nitawapa mfano mmoja kutoka Mabwepande. Vijana wawili walikodi eneo wakafuga kuku wa nyama. Awamu mbili za mwanzo zilikwenda vizuri, ya tatu ugonjwa ukapita, ya nne bei ya chakula ikawamaliza. Wakaamua kufunga, na sioni kosa hapo, biashara ndivyo ilivyo. Walibeba vyombo vya maji, vya chakula, majiko ya kulelea vifaranga, mpaka bati za banda walizing'oa. Mbolea wakauza kwa wenye bustani za mchicha. Wakaacha mbwa watatu, mmoja jike.

Mwezi wa kwanza wale mbwa walikaa pale pale getini. Wanamngoja mtu. Mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga alikuwa anawarushia makombo jioni. Mwezi wa pili wakaanza kushuka barabarani, wakafika kwenye mabanda ya jirani, kuku wa kienyeji wakaanza kupungua. Jike akazaa kwenye magofu ya lile banda. Siku watoto wanatoka shule mmoja akamsogelea mtoto wa mbwa ili ambebe, mama mtu akamng'ata mguuni. Wazazi wake wakahangaika na nauli na gharama za sindano, zaidi ya safari moja ya hospitali. Mwenyekiti wa mtaa alipompata kwa simu mmoja wa wale vijana, jibu lilikuwa hili: "Mwenyekiti, hao mbwa siyo wangu tena, mimi nishahama."

Hilo jibu ndiyo somo la leo, kwa sababu nimelisikia kwa maneno tofauti mara nyingi sana.

Mwenye mbwa ni nani?

Kuna anayesema mbwa ni wa kijana wa shamba kwa sababu ndiye anayempa ugali. Kuna anayesema ni wa mwenye kiwanja. Mwingine anasema huyu alikuja mwenyewe, mimi namwachia tu makombo. Kiukweli, mbwa anayelinda mali yako ni wako. Kama usiku unalala usingizi kwa sababu yeye anabweka, basi ni wako, hata kama hujawahi kumshika kichwa.

Sheria nayo haikuiacha hii hewani. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Inamtaka anayemiliki au kumtunza mnyama ahakikishe mnyama huyo anapata chakula, maji, mahali pa kukaa na matibabu, na kumtesa mnyama ni kosa. Wengi mnadhani hiyo ni sheria ya ng'ombe wa machinjioni na punda wa mizigo. Hapana, mbwa yumo. Halafu kuna Kanuni ya Adhabu, ambayo inamgusa mtu anayezembea kuchukua tahadhari juu ya mnyama aliye mikononi mwake ambaye anaweza kudhuru watu. Yaani mbwa wako akimng'ata mtu njiani, "nilishahama" siyo utetezi wa kumpelekea hakimu.

Nikirudi kwa mbwa wale wa Mabwepande, kitu kilichonifikirisha zaidi ni hasira ya watu ilikokwenda. Haikwenda kwa wale vijana. Ilikwenda kwa mbwa. Kikao cha mtaa kilijaa maneno ya sumu na risasi, na ni watu wawili watatu tu waliouliza nani aliwaleta.

Hisia za majirani zako

Uswahilini kwetu watu hawana hisia moja juu ya mbwa, na wewe kama mfugaji wa biashara lazima ujue unaishi katikati ya nani. Pwani hii majirani wengi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi. Kwao mate ya mbwa ni najisi. Mzee anayetoka alfajiri na udhu wake kwenda msikitini, akakutana na mbwa watatu wenye njaa wanaomnusa kanzu, hana sababu ya kukupenda. Ila msikubali ule usemi kwamba Waislamu wanawachukia mbwa. Mafundisho yao yanaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwindia, na wanayo masimulizi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa sababu ya kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mzee huyo huyo niliyemtaja ndiye aliyesema kikaoni kwamba kumuua kwa sumu mnyama aliyetelekezwa na mwenyewe ni kumwonea.

Kuna wanaoogopa kwa sababu waliwahi kung'atwa. Kuna wenye huruma kama yule mama wa mihogo, na hawa mara nyingi ndio wanaolaumiwa, wanaambiwa wao ndio wanaowazoesha mbwa. Nawatetea hapa. Yule mama alikuwa anafanya kazi ya mtu mwingine kwa kipato chake kidogo. Na kuna kundi la nne, kubwa kuliko yote, la watu ambao hawahisi kitu. Neno "mbwa" kwetu ni tusi, kwa hiyo mbwa koko akilala barabarani ana kidonda tunapita kama tunavyopita karibu na jalala.

Sikuombi umpende. Wapo wafugaji wazuri sana wa ng'ombe wa maziwa ambao hawampendi ng'ombe kwa maana ya kumbembeleza, lakini ng'ombe wao ananenepa. Utunzaji ni ratiba na bajeti, upendo ukiwepo ni nyongeza.

Kwa nini hili ni suala la mradi wako na siyo la huruma tu

Tuanze na kichaa cha mbwa, maana hapa hakuna utani. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, na kwa Tanzania takriban 1,500. Karibu wote wanatokana na kung'atwa na mbwa, na wengi ni watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa, ni kifo. Ila kabla ya dalili, kinga ipo na inafanya kazi: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaanze sindano, na umalize dozi zote. Usipake mkaa, usipake mafuta ya taa, usisubiri uone kama mbwa atakufa.

Ng'ombe na mbuzi nao wanakufa kwa ugonjwa huu. Ukiona ng'ombe aliyewahi kung'atwa analia kwa sauti isiyo ya kawaida, anadondosha mate, anashindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekabwa na kitu. Waite watu wa mifugo. Maziwa yake usiuze, nyama yake usile. Na mbwa akifa ukamshuku, usikimbilie kumzika. Toa taarifa kwanza ili sampuli ichukuliwe, na usimguse kwa mikono mitupu.

Sasa angalia uhusiano wake na kutelekeza. Ili kichaa kisisambae, mahali panatakiwa pawe na takriban asilimia 70 ya mbwa waliochanjwa. Mbwa mwenye mwenyewe anafikishwa kwenye chanjo amefungwa kamba. Asiye na mwenyewe nani atamkamata? Kila mbwa unayemwacha nyuma anaishusha hiyo asilimia. Ndiyo maana kuua mbwa wa mitaani peke yake hakusaidii kama watu wanavyodhani. Unaua na waliochanjwa, nafasi inabaki wazi, chakula cha jalalani kipo, wanakuja wengine ambao hawajachanjwa.

Pemba wametupa somo zuri. Walichanja mbwa kisiwani kwa awamu, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikarudi. Watafiti walifuatilia tukio moja moja la kung'atwa na kusoma vinasaba vya virusi, wakakuta ugonjwa umeingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Virusi haviogelei jamani. Vinavuka na mnyama aliyepandishwa chomboni. Wakachanja tena, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikawa kimetoweka kwa mara nyingine. Kwa hiyo wewe unayemtoa mbwa kwenu mkoani kwa basi ukamshusha Bunju bila chanjo wala cheti, ujue unaweza kuwa unarudia kile kile.

La pili ni minyoo, na hili wafugaji wa mbuzi na kondoo walisikilize kwa makini. Mbwa anayejitafutia anakwenda kwenye machinjio ya uani, anakula vichwa na matumbo mabichi. Anapata tegu. Mayai ya tegu yanatoka na kinyesi chake, yanakaa kwenye majani, mbuzi wako anayala. Aina moja inatengeneza kifuko cha maji kwenye ubongo wa mbuzi. Utamwona anazunguka upande mmoja, anagonga ukuta, wengine wanasema karogwa. Aina nyingine inaweka vifuko kwenye ini na mapafu, na hiyo binadamu pia anaipata. Mzunguko huo unaukata kwa mambo ambayo hayana gharama kubwa: chemsha utumbo kabla ya kumpa mbwa, fukia au choma vichwa na viungo vibovu, na mpe mbwa dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kila baada ya miezi mitatu.

Na wewe wa kuku, acha kabisa ule mtindo wa kumrushia mbwa kuku aliyekufa bandani. Unamfundisha ladha. Leo anakula aliyekufa, siku mnyororo ukikatika ataingia kwenye banda la jirani, na utalipa.

Kabla hujamleta

Kaa chini na daftari. Mbwa mkubwa wa kilo 25 anahitaji chakula kilichopikwa cha kama asilimia 2 mpaka 3 ya uzito wake, yaani kati ya gramu 500 na 750 kwa siku. Chukua bei za dukani kwenu za unga wa dona, dagaa na utumbo, zidisha kwa siku 30, halafu kwa idadi ya mbwa. Ugali mtupu haumtoshi, anahitaji protini kama kuku wako anavyohitaji. Ongeza chanjo ya kichaa, ya kwanza anapofika miezi mitatu na kurudia kila mwaka. Ongeza dawa ya minyoo mara nne kwa mwaka, na dawa ya kupe. Ukimaliza hesabu, wengi wenu mtagundua mnahitaji mbwa mmoja anayekula vizuri, siyo watatu wenye mbavu nje. Mbwa mwenye njaa halindi. Mwizi anamrushia kipande cha nyama na kazi imeisha.

Jike ni hesabu nyingine. Anabeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kwa watoto watano kila uzao, ni kumi ndani ya mwaka, na mwaka unaofuata majike kati ya wale kumi nao wanaanza. Watu hugawa wawili watatu, waliobaki wanawekwa kwenye boksi na kushushwa sokoni au pembeni ya barabara ya Bagamoyo usiku. Ongea na daktari wa mifugo amfunge kizazi jike wako na kumhasi dume. Ile imani kwamba dume akihasiwa anakuwa mwoga na halindi, achana nayo. Kinachopungua zaidi ni kuzurura na kugombania majike. Kubweka anabweka vile vile.

Mnyororo pia tuuongelee kidogo. Mbwa aliyefungwa mita moja mchana kutwa juani, bila maji, hawi mlinzi bali mkali asiyechagua, siku akifunguka anamrarua hata mtoto wa mwenye nyumba. Mjengee kibanda chenye kivuli, mfungulie ndani ya uzio usiku.

Ukifunga mradi

Hapa ndipo wengi mnapoteleza, kwa sababu wakati wa kufunga mtu ana madeni na ana aibu, anataka aondoke kimya kimya. Naelewa. Lakini anza kumtafutia mbwa mahali wiki tatu au nne kabla ya tarehe ya kukabidhi eneo, siyo asubuhi ya kuhamisha vyombo.

Wa kwanza kuulizwa ni anayechukua eneo baada yako. Kama na yeye anafuga, mara nyingi atamhitaji mbwa anayeijua mipaka. Makabidhiano hayo yaandikwe kwenye karatasi ile ile ya banda na tanki la maji: mbwa mmoja, dume, rangi, umri, cheti cha chanjo kimekabidhiwa. Mwenye eneo asiposaini, mbwa bado ni wako. Kama mpya hamtaki, tafuta wafugaji wenzako kwenye kikundi. Wa maziwa na wa nguruwe hawakosi shida ya ulinzi. Muulize na afisa mifugo wa kata, kwa kawaida tunajua nani kaibiwa juzi.

Unapompeleka kwenye makazi mapya, nenda naye mwenyewe, na mpeleke na bakuli lake na mnyororo wake. Wiki mbili za kwanza asiachiwe nje ya uzio, maana atarudi. Nimeona mbwa aliyetembea kutoka Madale akarudi kwenye banda tupu na kulala pale pale alipokuwa analala. Anayempokea ndiye ampe chakula kwa mkono wake tangu siku ya kwanza. Wewe pita baada ya wiki uangalie, kisha uache kwenda, ili azoee.

Kijana wa shamba ukimwachia mbwa bila kumwachia hela ya chakula, hujamwachia mbwa, umemwachia mzigo. Ataondoka naye mlango mmoja, mbwa atabaki njiani.

Na kama mbwa ni mzee sana, mgonjwa, au mkali kiasi kwamba hakuna anayeweza kumpokea kwa usalama? Watu hawapendi kuliongelea hili. Kuna daktari wa mifugo, na kuna dawa ya kumlaza asiamke bila maumivu. Uwepo wewe mwenyewe, mshike. Ni bora mara mia kuliko sumu ya panya ambayo mnyama anakufa akitapika na kutetemeka kwa saa nyingi, na mzoga wake ukiliwa na kunguru au mbwa mwingine sumu inaendelea. Lakini hiyo iwe baada ya kutafuta, isiwe njia ya mkato ya kijana mwenye haraka ya kurudisha funguo.

Wale wa Mabwepande, kwa walioanza kujiuliza: dume mmoja alichukuliwa na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, jike alifungwa kizazi na yupo kwa mama wa mihogo, rasmi sasa, na amechanjwa. Watoto wa mbwa wanne waligawiwa walipotimiza miezi miwili, na waliowachukua niliwaandika majina ili chanjo ya miezi mitatu isiwapite. Dume wa pili hatukumpata. Mtoto aliyeng'atwa alimaliza sindano zake zote, yuko salama.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu. Kipindi hicho chanjo huwa nyingi, ila usiisubiri. Ulizia ofisi ya mtendaji wa mtaa wako wiki hii wanachanja lini, andika tarehe kwenye daftari la mradi chini ya mstari wa gumboro, na siku ikifika mlete mbwa akiwa amefungwa kamba imara, aletwe na mtu mzima anayemfahamu. Msiwatume watoto na mbwa wakubwa, tafadhali. Mwaka jana nilimwona mmoja kaburutwa mpaka kwenye mtaro.